Salfa ya Migodi ya Katanga: Ufanisi katika Usafirishaji wa Malighafi za Kemikali

Tani moja ya salfa ikichomwa kiwandani huzaa takriban tani tatu za asidi ya salfuriki. Hesabu hii inatoka moja kwa moja kwenye uzito wa atomi: salfa ina 32, asidi iliyokamilika ina 98, na kinachojaza pengo ni oksijeni na maji, vitu vinavyopatikana popote penye hewa na mto. Kwa mgodi wa shaba ulioko Kolwezi, kusini mwa Kongo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hesabu hii ina maana kubwa kuliko punguzo lolote la bei ya dizeli. Mgodi unaotumia tani 1,000 za asidi kwa siku, ukiagiza asidi iliyo tayari, utahitaji malori ya tangi yapatayo 40 kila siku. Ukijenga mtambo wake wa kuchomea salfa, utahitaji tani 330 hivi, yaani malori 11. Malori karibu 30 yameondolewa barabarani kabla mtu hajazungumzia ratiba, mizani wala foleni ya mpakani.

Ufanisi katika usafirishaji wa malighafi za kemikali unaanzia hapo, kwenye uamuzi wa kitu gani kibebwe na kiwe katika hali gani. Kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kupunguza saa ambazo mzigo umesimama. Kasi ya magurudumu yenyewe ina nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa, na fedha nyingi zimepotea kwa kununua malori mapya pale ambapo tatizo lilikuwa lango la ghala.

Ukanda wa shaba, kuanzia kaskazini mwa Zambia hadi mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una mawe mengi yenye shaba ya aina ya oksaidi karibu na uso wa ardhi. Mawe hayo hayapelekwi kwenye tanuri. Husagwa, kisha hulowekwa katika asidi ya salfuriki mpaka shaba itoke kwenye mwamba na kuingia katika myeyuko. Myeyuko husafishwa na kupitishiwa umeme, na shaba hujikusanya kwenye mabamba. Kobalti, ambayo Kongo huchimba zaidi ya nusu ya ile inayozalishwa duniani, hupita njia hiyohiyo lakini hudai kemikali zaidi: sodiamu metabisalfaiti ya kuisaidia kuyeyuka, magnesiamu oksaidi ya kuitenga, na chokaa ya kuondoa chuma na kutuliza asidi iliyobaki. Chokaa inaweza kupatikana jirani, kwa mfano Ndola. Sehemu kubwa ya hivyo vingine huja kwa meli.

Salfa nyingi inayofika pwani ya Afrika Mashariki hutoka nchi za Ghuba: Ruwais huko Abu Dhabi, Jubail huko Saudi Arabia, Ras Laffan huko Qatar. Huko haichimbwi. Ni mabaki ya kusafisha gesi na mafuta ghafi, ambayo lazima yaondolewe salfa kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo kiasi kinachopatikana hakifuati mahitaji ya migodi. Mitambo ya gesi hutoa salfa hata kama hakuna anayeitaka, na inapofungwa kwa matengenezo salfa huadimika hata kama migodi imebakiwa na akiba ya wiki moja. Tena bandari hizo zote tatu ziko ndani ya Mlango Bahari wa Hormuz, na meli haina njia nyingine ya kutokea. Mnunuzi wa Kolwezi anategemea bidhaa ambayo muuzaji wake hakukusudia kuitengeneza, na ambayo inapita mlango mmoja tu. Akiba yake lazima ihesabiwe kwa kuzingatia jambo hilo.

Kanuni ya kubeba kile tu kisichopatikana mwisho wa safari ni ya zamani, na Afrika Mashariki ina mfano wake wenye umri wa zaidi ya miaka 100. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, magadi ya asili huvunwa yakiwa na maji na hewa ya ukaa ndani ya fuwele zake. Yakichomwa hapohapo ziwani, maji na hewa hiyo hutoka, na kinachobaki ni magadi makavu ya kiwandani yenye uzito wa takriban asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Reli ya tawi kutoka Magadi hadi Konza, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 140 na iliyojengwa katika miaka ya 1910, haikuhitaji kubeba ile asilimia 30 kwenda Mombasa. Kwa salfa mpango ni uleule kwa mwelekeo wa kinyume: magadi hupunguzwa uzito kabla ya kuondoka, salfa huongezwa uzito baada ya kufika.

Asidi yenyewe ni mzigo mgumu kwa sababu nyingine pia. Lita moja ina uzito wa kilo 1.84. Tangi la kontena la futi 20 lenye nafasi ya lita 24,000, likiwekewa tani 24 za asidi, hujaa zaidi kidogo ya nusu, kiasi cha lita 13,000. Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa kabisa, kwa kuwa kimiminika hujirusha mbele dereva anapofunga breki na hujitupa pembeni kwenye kona. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari baharini hutaka tangi la kimiminika kinachotiririka kwa urahisi kama hiki lijazwe asilimia 80 au zaidi, au lisizidi asilimia 20, isipokuwa kama ndani lina kuta za kukata mawimbi zinazoligawa katika sehemu zisizozidi lita 7,500. Kwa hiyo asidi inahitaji tangi dogo maalumu au tangi lenye kuta, na tangi hilo halina mzigo wa kurudi nao. Linakwenda na asidi, linarudi tupu, na mwenye mzigo analipia kilomita zote.

Salfa ya punje haina tatizo hilo. Inakwenda juu ya trela la kawaida, na trela hilohilo hurudi bandarini na mabamba ya shaba. Mzigo wa kurudi ndio unaofanya nauli ya ukanda huu ivumilike kwa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo, hali ambayo kemikali inasafirishwa nayo haiwezi kuchaguliwa na mkemia peke yake wala na mwenye malori peke yake. Punje za salfa zikimwagwa tu ndani ya trela la kubinua, upakiaji ni wa haraka na gharama ya vifungashio haipo, lakini trela la kubinua halifai kwa mabamba ya shaba. Salfa ikifungwa katika viroba vikubwa vya tani moja, kuna gharama ya viroba, ya foklifti na ya watu wa kufunga, lakini trela la sakafu bapa hubaki safi na hurudi na shaba. Anayelinganisha gharama za upakiaji tu atachagua kumwaga. Anayelinganisha gharama za mzunguko mzima, mara nyingi atachagua kiroba.

Pamoja na sifa zake zote, salfa si mzigo usio na hatari. Punje zikisuguana huvunjika na kutoa vumbi laini la njano, na vumbi hilo likichanganyika na hewa katika chumba kilichofungwa, cheche ndogo hulilipua. Gatini, makucha ya kreni yanapofunguka juu ya faneli kubwa ya chuma, wingu la njano huinuka na macho ya makuli huwasha papo hapo. Maji hunyunyiziwa ili kulituliza. Chini ya faneli kiroba hutundikwa kwa masikio yake manne, hujaa, hupimwa, hufungwa mdomo na kuchukuliwa na foklifti. Vijiko na makoleo yasiyotoa cheche, marufuku ya sigara na ya kulehemu karibu, miwani na barakoa ni sehemu ya kazi hiyo, na bandari inayoviruka ili kupata tani chache zaidi kwa saa inacheza na maisha ya watu.

Maji yanayotuliza vumbi nayo yana gharama. Shehena ya tani 40,000 ikifika na asilimia 2 ya maji, ndani yake mna tani 800 za maji ambazo zitabebwa hadi Lualaba kwa malori karibu 27, kisha zikaushwe huko kwa moto. Maji yakizidi, salfa iliyolowana hutengeneza asidi kidogo na kula chuma, ndiyo maana manahodha hupaka chokaa kuta za ngama kabla ya kuipakia. Yakipungua, vumbi huinuka. Mkataba mzuri wa ununuzi hutaja kiwango cha maji na cha vumbi kwa tarakimu, na sampuli hupimwa wakati wa kupakua. Usafirishaji bora huanzia katika kipengele hicho cha mkataba, mbali na barabara.

Upakuaji wa meli ndio mahali ambapo hesabu rahisi huonyesha mengi. Chukua meli yenye tani 40,000 za kichele, na kreni zenye uwezo wa kutoa tani 5,000 kwa siku. Meli ingemalizwa kwa siku 8. Kila lori likibeba tani 30, yanahitajika malori 167 kwa siku kwa siku zote nane. Ikiwa malori yanayoweza kufika, kupakiwa na kutoka langoni ni 100, zinatoka tani 3,000 tu. Hapo kuna mambo mawili. Meli ingoje zaidi ya siku 13 huku tozo ya kuicheleweshea ikipanda kila siku, au tani 2,000 za ziada ziingie ghalani kila siku, ambazo kwa siku 8 ni tani 16,000. Ghala la tani 16,000 karibu na gati, lililoezekwa, lenye sakafu ya zege na hewa inayopita, si anasa. Linatenganisha mwendo wa meli na mwendo wa malori, ili kila kimoja kifanye kazi kwa kadiri ya uwezo wake. Bila ghala, kinachokwenda polepole humlazimisha mwenzake naye aende polepole.

Barabarani, kikomo cha kwanza ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na ukomo wa kila kundi la ekseli. Wasafirishaji wengi huitazama mizani ya Vigwaza au ya Mpemba kama kero. Lakini majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 10 huharibu barabara kwa karibu asilimia 46 zaidi. Ikizidishiwa asilimia 20, uharibifu ni maradufu. Barabara hiyohiyo inayopanda Kitonga na kuvuka nyanda za Mbeya hadi Tunduma ndiyo inayobeba kemikali za mwaka ujao, na mashimo yake yatalipwa kwa springi, kwa matairi na kwa ajali.

Mizani pia hupima ubora wa upakiaji. Lori linaweza kuwa na jumla halali ya uzito na bado likakamatwa kwa sababu viroba vimelundikwa nyuma na kundi la ekseli za trela limezidi. Mzigo huo hupangwa upya kando ya barabara, na kiroba cha tani moja hakiinuliki bila mashine. Siku nzima inaweza kuondoka. Mchoro wa upangaji wa viroba kwa kila aina ya trela, ukibandikwa ukutani mahali pa kupakia, huzuia tatizo hilo kwa gharama ya karatasi moja.

Baada ya uzito kuna muda, na hapa ndipo fedha nyingi hukaa. Dar es Salaam hadi Kolwezi, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 45 kwa saa, ni kama saa 50 za kuendesha. Dereva mmoja anayeendesha saa 9 au 10 kwa siku na kulala usiku angefika kwa siku 5 au 6. Kwenda na kurudi ni siku 12 zikizidi sana. Mzunguko unapochukua siku 28, maana yake ni kwamba siku 16 lori limesimama: likingoja kupakiwa, likingoja hati, likingoja mpakani, likingoja kupakuliwa, likingoja mzigo wa shaba. Kuongeza kasi kutoka kilomita 45 hadi 50 kwa saa kungeokoa saa 5 tu kila upande, na kungeongeza hatari kwenye miteremko. Kuondoa nusu ya kusimama kungeokoa siku 8.

Uhusiano wa muda na idadi ya malori uliwekwa wazi na John Little, aliyetoa uthibitisho wake mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo katika mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake ikizidishwa kwa muda vinaokaa humo. Kanuni hiyo haijali kama vitu hivyo ni wateja wa benki au malori ya salfa. Mgodi unaohitaji malori 11 kwa siku, ukiwa na mzunguko wa siku 28, lazima uwe na malori 308 njiani wakati wote. Mzunguko ukishuka hadi siku 20, malori 220 yanatosha kwa kazi ileile. Malori 88 yamepatikana bila kununua hata moja, na pamoja nayo salfa iliyokuwa imelala juu ya trela, mali iliyolipiwa na isiyozalisha chochote.

Siku za kusimama hazifanani, na kuziweka zote katika jina moja la ucheleweshaji huficha dawa yake. Kuna kusimama kwa hati. Malighafi ya kemikali hupita mikononi mwa mamlaka nyingi kuliko mzigo wa kawaida. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inaipa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali jukumu la kusajili wadau na kutoa vibali, forodha ina dhamana na lakiri zake, bandari ina taratibu zake, kisha Zambia na Kongo kila moja ina za kwake. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni jina. Salfa ya punje huangukia namba ya forodha 2503, ilhali salfa iliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke huangukia 2802. Salfa iliyofinyangwa kuwa punje haihesabiwi kuwa bidhaa hatari katika kanuni za baharini, lakini salfa ya unga ina namba 1350 ya Umoja wa Mataifa na masharti yake. Hati ya meli ikisema punje, kibali kikisema salfa tu, na ankara ikiandika namba ya ile ya unga, ofisa wa mpakani anayelisimamisha lori anafanya kazi yake. Seti moja ya maelezo, ikiandikwa mara moja kabla meli haijaondoka Ghuba na kunakiliwa herufi kwa herufi katika kila hati, huokoa muda kuliko mawakala watatu wa kufuatilia.

Kuna kusimama kwa mpaka wenyewe. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ilifungua mwaka 2009 utaratibu wa kituo kimoja ambapo lori hukaguliwa mara moja tu, na Tunduma na Nakonde zilifuata mwaka 2019. Faida yake ni ya wazi, ingawa jengo moja halitoshi kama mifumo ya kompyuta ya nchi mbili haisomani. Kasumbalesa, mlango wa kuingilia Katanga, ndiko kwenye ugumu mkubwa. Foleni ya upande wa Zambia huweza kurefuka kilomita nyingi, na wanaoilipia kwanza ni madereva. Mtu analala chini ya trela lenye kemikali usiku kadhaa, mahali ambapo choo na maji safi ni vya shida, akilinda turubai na lakiri dhidi ya wezi, huku posho yake ya safari ikiisha. Hesabu zinazoandikwa ofisini Dar es Salaam au Lubumbashi huonyesha foleni hiyo kama gharama ya lori kwa siku. Uchovu wa dereva hauonyeshwi, na ndio unaoendesha lori siku inayofuata. Kupanga nafasi ya kuvuka kabla ya kuondoka bandarini, na kuyazuia malori katika maegesho yenye huduma hadi zamu yake ifike, ni hatua ya ufanisi na ya utu kwa pamoja.

Kuna pia kusimama kwenye lango la mgodi, na huku hakuna serikali ya kulaumiwa. Mgodi unaopokea malori mchana tu, wenye foklifti moja na mizani moja, hutengeneza foleni yake wenyewe. Malori 11 kwa siku si mengi, lakini hayafiki 11 kila siku. Mpaka ukifunguka baada ya kukwama, hufika 40 kwa mpigo. Uwezo wa kupakua unapaswa kupimwa kwa siku hiyo ya 40.

Kutotabirika huko ndiko huamua ukubwa wa akiba. Ghala la mgodi halihitaji kukidhi wastani wa safari. Linahitaji kukidhi tofauti kati ya safari ya kawaida na safari mbaya. Ikiwa muda wa safari hupanda na kushuka kwa takriban siku 6 kuzunguka wastani wake, mgodi unaotaka usalama wa mara mbili ya tofauti hiyo lazima uwe na akiba ya siku 12, karibu tani 4,000 za salfa kwa mtambo wa mfano uliotajwa. Tofauti hiyo ikipungua hadi siku 3, tani 2,000 zinatosha. Kwa hiyo msafirishaji anayefika siku ya 15 kila mara anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko yule anayefika mara siku ya 9 na mara siku ya 24. Mikataba mingi bado hulipa kwa tani na kilomita peke yake, na haimtofautishi msafirishaji wa kwanza na wa pili.

Kuchelewa kwa salfa kunaeleweka vizuri pia kusini mwa Tanzania, ambako mzigo wa aina hiyohiyo una kazi nyingine kabisa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupulizia salfa ya unga kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua na majani machanga. Dawa hiyo ina majira yake. Ikifika kijijini baada ya ukungu kukamata maua, bei yake ni ileile na uzito wake ni uleule, lakini haina tena cha kuokoa. Mgodi ukikosa salfa husimama na kuendelea baadaye. Mkorosho hausubiri hadi mwaka mwingine bila hasara. Kwa mzigo wa namna hiyo, kufikisha sehemu ya akiba katika maghala ya wilaya kabla ya majira kuanza kuna maana kuliko kusaka nauli ya chini dakika za mwisho.

Kemikali nyingine za mgodini huleta sharti la kutochanganya. Kujaza lori kwa mizigo ya wateja kadhaa ni njia nzuri ya kupunguza nauli, lakini katika kemikali ina mipaka isiyovukwa. Sodiamu metabisalfaiti ikilowana, au ikikutana na asidi, hutoa salfa dayoksaidi, gesi inayobana pumzi. Sianidi ya sodiamu, inayotumika katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa muda mfupi sana. Sianidi na asidi haziwekwi lori moja wala chumba kimoja cha ghala, hata kama nafasi ipo na nauli ingepungua nusu. Ajali ya Baia Mare, Romania, Januari 2000, ambapo bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka na sianidi kuingia mitoni hadi Mto Danube, ndiyo iliyochochea kuandikwa kwa kanuni ya kimataifa ya kushughulikia sianidi, inayogusa uzalishaji, usafirishaji na matumizi. Kanuni hizo huongeza gharama kidogo kwa kila tani, nayo ni gharama halali ya biashara hii.

Reli ingepaswa kuwa njia ya kwanza ya mzigo wa namna hii. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kusanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na Kongo, kwa hiyo behewa lililopakiwa bandarini linaweza kufika Lubumbashi kupitia Ndola na Sakania bila kupakuliwa. Treni ya mabehewa 20 yenye tani 40 kila moja hubeba tani 800, sawa na malori 27, ikiwa na dereva na msaidizi. Reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000 na ile mpya ya kisasa ina 1,435. Mzigo ukivuka kutoka moja kwenda nyingine lazima uhamishwe, na kila uhamishaji wa salfa ni vumbi, upotevu na siku.

Pamoja na faida hiyo, mzigo mwingi umeendelea kupita barabarani kwa miaka mingi. Sababu haiko katika njia ya chuma peke yake. Uhaba wa vichwa vya treni na mabehewa, sehemu zenye mwendo wa tahadhari, na makabidhiano kati ya mashirika matatu ya reli, kila moja likiwa na vipaumbele vyake, hufanya behewa lipotee njiani kwa muda usiojulikana. Mteja wa kemikali huweza kustahimili safari ya siku 20 kama anajua ni 20. Makubaliano ya kuifufua TAZARA yaliyotiwa saini Beijing Septemba 2024 mbele ya viongozi wa Tanzania, Zambia na China yanagusa njia na mitambo. Makubaliano ya makabidhiano huko Kapiri Mposhi na Sakania, ya nani analipa behewa likilala, yana uzito uleule kwa mwenye salfa.

Upande wa magharibi, reli ya Benguela yenye kilomita 1,344 kutoka bandari ya Lobito hadi Luau, mpakani mwa Angola na Kongo, iko chini ya waendeshaji binafsi tangu 2023 na inaunganika na Kolwezi kwa njia yenye upana uleule. Kwa shaba inayokwenda Ulaya au Marekani, Lobito ina mvuto mkubwa. Kwa salfa ya Ghuba hesabu ni tofauti, kwa kuwa meli inapaswa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilhali Dar es Salaam iko karibu. Lakini mabehewa yanayoteremka na shaba yanahitaji kitu cha kupandisha, na mwenye behewa tupu huwa tayari kulibebesha salfa kwa nauli ndogo. Faida ya Dar es Salaam baharini inaweza kuliwa na siku 16 za kusimama nchi kavu.

Mahitaji yenyewe nayo yanabadilika. Kadiri oksaidi za juu zinavyokwisha na uchimbaji kuingia kwenye salfaidi za chini, viyeyushio, yaani matanuri ya kuyeyushia shaba, huongezeka, na kiyeyushio hutoa asidi kama mazao ya pembeni, kipende kisipende. Kile cha Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, kimesanifiwa kwa tani 500,000 za shaba kwa mwaka na asidi inayokaribia tani 700,000. Asidi hiyo inalingana na takriban tani 229,000 za salfa, yaani zaidi ya malori 7,600 kwa mwaka, karibu 21 kila siku, ambayo hayatahitajika kutoka baharini. Kwa umbali wa kilomita chache, ubishi dhidi ya kubeba asidi hugeuka: tangi linalorudi tupu kilomita 50 si hasara kama lile linalorudi tupu 2,300, na mwenye kiyeyushio atauza kwa bei ndogo, kwa sababu matangi yake yakijaa lazima apunguze moto wa tanuri. Migodi iliyo mbali na viyeyushio itaendelea kuchoma salfa, pia kwa ajili ya mvuke na umeme unaopatikana katika uchomaji huo, jambo lenye thamani mahali penye upungufu wa umeme. Kwa wasafirishaji wa Dar es Salaam, hilo linamaanisha mzigo mdogo wa kupanda dhidi ya shaba nyingi zaidi ya kushuka, na nauli ya shaba itakayolazimika kubeba sehemu kubwa ya gharama za safari ya kwenda.